Nitoe tezi yote, au nusu inatosha?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 36, ni mke na mama wa mtoto mmoja, naishi Iringa mjini. Kazi yangu ni ushereheshaji: harusi, sendofu, kicheni pati, ubarikio, mahafali. Nilianza nikiwa chuoni kwa kulipwa nauli na sahani ya pilau. Leo sauti hii ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na ada ya mtoto. Ratiba yangu imejaa mpaka Desemba na watu wengine wameshatoa kianzio.

Mwezi wa tatu bodaboda niliyopanda ilianguka, nikaumia bega na shingo. Hospitali walinipiga picha, mifupa ikaonekana salama. Maumivu yalipoendelea daktari akaagiza altrasaundi ya shingo, na hapo ndipo walipoona kivimbe kwenye tezi ya thairoidi, upande wa kulia. Mimi sikuwa nakihisi. Hata sasa nikipapasa sikipati, ila kila nikijitazama kwenye kioo naona kama kimekua. Wakachukua chembechembe kwa sindano. Siku majibu yaliporudi, daktari alifunga mlango kwanza ndipo akaketi. Nikajua. Ni saratani, aina ya papilari.

Kwenye karatasi wameandika kwamba kivimbe kina sentimita 1.8, kipo ndani ya tezi, upande wa kushoto hauna kitu, na tezi za limfu za shingoni hazionyeshi dalili ya ugonjwa.

Daktari wa kwanza, mtu mzima mwenye miaka mingi kazini, alisema tutoe tezi yote, halafu niende hospitali ya saratani ya Ocean Road kunywa dawa ya mionzi, nimalizane nayo. Rafiki yangu akanisihi nitafute maoni ya pili, nikashuka Dar es Salaam. Yule wa pili alisoma karatasi zilezile, akasema atoe upande wa kulia tu, inatosha, na mionzi siihitaji. Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Ugonjwa ni mmoja, karatasi ni zilezile, inakuwaje wasomi wawili waseme mambo mawili?

Nyumbani kukawa na kikao. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye atakayebeba gharama kubwa kwa sababu bima yangu haifiki mbali, amesema saratani haiachiwi hata mzizi, itolewe yote. Mama mkwe anasema hiyo ni goita kama waliyokuwa nayo bibi zetu, nile chumvi yenye madini joto itanywea. Wifi amesoma mahali kwamba Japani siku hizi hawapasui kabisa, wanaiangalia tu. Mume wangu anasema yupo na mimi kwa nitakaloamua. Najua anasema kwa upendo, lakini usiku tukilala mzigo unabaki wangu peke yangu.

Shangazi, nataka kupona. Nataka pia mtoto wa pili, na nataka kuendelea kushika maiki. Nikimwambia kaka nimechagua nusu, atasema nimethamini sauti na pesa kuliko uhai wangu. Ninachoogopa ni kwamba huenda ni kweli. Nishauri.

Mshereheshaji, Iringa

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa ajali, na pole zaidi kwa lililoibuliwa na ajali hiyo. Umeandika kwa utulivu ambao wengi hawaupati wakiwa katika hali yako, na umefanya la maana sana kunakili karatasi ya vipimo badala ya kuniambia tu “nina saratani”. Karatasi hiyo ndiyo inayoniwezesha kukujibu.

Nianze na swali ulilolificha mwishoni, kwa sababu hilo ndilo linalokunyima usingizi. Ukichagua nusu hutakuwa umethamini sauti kuliko uhai. Kwa saratani ya papilari ya ukubwa huo, iliyo ndani ya tezi na isiyoonekana kwenye tezi za limfu, anayetolewa nusu na anayetolewa yote wana nafasi sawa ya kuishi. Tofauti ipo katika maisha yanayofuata baada ya nyuzi za kidonda kutolewa: vidonge, sauti, madini ya kalsiamu, vipimo vya kila mara, na hofu inayobaki. Hivyo ndivyo vitu unavyopima, na katika hivyo hakuna mtu kwenye kile kikao anayejua kuliko wewe.

Nina jambo la kuongeza ambalo huenda hukuambiwa. Utaratibu wa kupanga hatua za saratani unaotumika tangu 2018 unamweka kila mgonjwa wa aina yako aliye chini ya miaka 55 katika hatua ya kwanza, hata kama ugonjwa umefika kwenye tezi za limfu za shingoni, mradi haujasambaa viungo vya mbali kama mapafu na mifupa. Soma sentensi hiyo mara mbili, kisha msomee na kaka yako.

Sasa, kwa nini wasomi wawili wamesema mambo mawili? Usimdharau yule mzee. Alilokwambia ndilo lililokuwa sahihi kwa miaka mingi ya kazi yake, na ukijua lilivyobadilika hutabaki na shaka kwamba mmoja wao anakudanganya. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichambua kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 52,000. Waliona kwamba wenye uvimbe wa kuanzia sentimita 1 waliotolewa tezi yote waliishi zaidi kidogo, na ugonjwa uliwarudia kwa uchache. Mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani wa mwaka 2009, ambao ulifuatwa na madaktari wengi hata nje ya nchi hiyo, ukashikilia hivyo: ikizidi sentimita 1, itoke yote. Kisha 2014 watafiti wengine wakarudi kwenye hazina ileile ya kumbukumbu, safari hii wagonjwa zaidi ya 61,000 wenye uvimbe wa sentimita 1 hadi 4, wakaingiza kwenye hesabu mambo ambayo mwanzo hayakuingizwa, kama maradhi mengine ya mgonjwa na iwapo uvimbe ulikuwa umeshatoka nje ya tezi. Ile tofauti ya kuishi ikatoweka. Kumbe waliotolewa nusu zamani walikuwa wanalinganishwa na watu wasiofanana nao. Mwongozo uliofuata, wa 2015, ukabadilika: kwa uvimbe wa sentimita 1 hadi 4 ulio ndani ya tezi, usiogusa tezi za limfu, nusu inakubalika na yote inakubalika.

Kwa hiyo madaktari wako wote wawili wamesimama penye ardhi ngumu. Ila yule wa pili anasimama ilipo elimu ya sasa, na kuhusu mionzi namuunga mkono bila kusita. Ufaransa walifanya jaribio, matokeo yakatoka 2022. Wagonjwa 776 wenye saratani ya hatari ndogo, uvimbe usiozidi sentimita 2 kama wako, wote wakiwa wametolewa tezi yote, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likanywa madini joto yenye mionzi, jingine likafuatiliwa tu. Baada ya miaka mitatu, asilimia 95.9 ya waliokunywa hawakuwa na tatizo lolote la ugonjwa, na asilimia 95.6 ya wasiokunywa hivyohivyo. Mionzi ile ina kazi yake kubwa kwa wenye ugonjwa uliosambaa, na Ocean Road wanaitoa kwa uzoefu. Lakini kutolewa tezi yote kwa sababu tu ya kujiandaa kunywa dawa ambayo huihitaji, hapo ningeomba maelezo zaidi. Kwa mwanamke anayetaka mtoto kuna la ziada: baada ya mionzi hiyo hushauriwa kusubiri kati ya miezi 6 na 12 kabla ya kushika mimba.

Nimefanya uuguzi wodi ya upasuaji mpaka nilipostaafu, basi niruhusu nikupeleke kwenye usiku wa kwanza baada ya operesheni, maana pale ndipo tofauti ya nusu na yote inapoonekana kwa macho. Mgonjwa amelala ameinuliwa kichwa, bandeji shingoni. Muuguzi anapita kila baada ya muda. Kwanza anaangalia shingo kama inavimba, kwa kuwa damu ikikusanyika pale inabana njia ya hewa. Kisha anamwomba mgonjwa aseme neno, jina lake tu au “aaa”, asikie kama sauti ipo na kama inakwaruza. Kwa aliyetolewa yote kuna swali la tatu, tena linaulizwa mpaka kesho yake na keshokutwa: “Unahisi ganzi midomoni? Vidole vinawasha kama vimekaliwa?” Akisema ndiyo, tunampima kalsiamu upesi.

Sababu ni hii. Nyuma ya tezi ya thairoidi kuna vitezi vinne vidogo, kila kimoja kama punje ya mchele, viwili kila upande, na kazi yake ni kulinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Daktari akitoa pande zote mbili, vyote vinne vinapita karibu na kisu. Vingine hunyimwa damu, vingine hutoka na tezi bila kukusudia. Mara nyingi vinazinduka baada ya wiki au miezi. Visipozinduka, mgonjwa anameza kalsiamu na vitamini D maisha yake yote, na akikosa dozi mikono inakakamaa. Anayetolewa upande mmoja vitezi vya upande wa pili haviguswi, kwa hiyo shida hii ya kudumu kwake ni nadra mno.

Vivyo hivyo kwa sauti. Kila upande una mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya tezi kwenda kuendesha uzi wa sauti. Ukijeruhiwa mmoja, sauti inakuwa na upepo, inachoka haraka, maji yanapalia. Ikijeruhiwa yote miwili, jambo ambalo ni nadra, nyuzi za sauti zinaweza kuziba njia ya hewa na mgonjwa akatobolewa shingo ili apumue. Operesheni ya upande mmoja haiwezi kufikia hapo, kwa sababu upande wa pili haukuguswa. Korea Kusini, walikopima watu shingo kwa wingi mpaka wagonjwa waliogunduliwa 2011 wakawa mara 15 ya wale wa 1993 huku vifo vikibaki palepale, walihesabu watu zaidi ya 15,000 waliopasuliwa. Asilimia 11 walipata upungufu wa homoni ya vile vitezi vya kalsiamu, na asilimia 2 uzi wa sauti ulipooza. Ni wachache. Lakini wewe unaishi kwa maiki, na ukiwa mmoja wa hao asilimia 2 hutajali kwamba wengine 98 wanaongea vizuri.

Nikuambie na hili, kwa kuwa wengi hawalitaji kwa mgonjwa asiye mwimbaji. Kuna mshipa mwingine mwembamba, unapita juu ya tezi, ndio unaokuwezesha kupandisha sauti na kuirusha mbali. Ukiguswa, utazungumza na mwanao sebuleni bila mtu kuona tofauti, ila ukitaka kuita “maharusi waingiee!” sauti haitapanda. Mshipa huo nao upo kila upande, kwa hiyo nusu inapunguza hatari ila haiiondoi. Mwambie daktari waziwazi kazi unayofanya. Usiseme “nimejiajiri”. Sema, “Daktari, mimi ni mshereheshaji, sauti ndiyo ajira yangu,” na umwombe nyuzi zako za sauti zitazamwe kwa kamera na daktari wa masikio, pua na koo kabla ya operesheni, ili ijulikane zilikuwaje.

Halafu kuna vidonge. Aliyetolewa tezi yote anameza levothairoksini, kidonge kinachochukua nafasi ya homoni ya tezi, kila siku mpaka mwisho wa maisha, hakuna mjadala. Ni dawa nzuri, na watu wanaishi nayo wakizaa na kuzeeka. Lakini ina masharti: asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji, usubiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, na vidonge vya kalsiamu au vya kuongeza damu visogezwe mbali kwa saa nne. Damu inapimwa TSH, kipimo kinachoonyesha kama homoni inatosha, mara kwa mara mpaka dozi ikae sawa. Ukishika mimba, dozi huongezwa mapema, mara nyingi kwa robo au karibu na hapo, kwa hiyo siku utakayogundua una mimba ndiyo siku ya kumtafuta daktari. Kusahau kidonge siku moja hakukudhuru, maana homoni hiyo inakaa mwilini muda. Kukosa kwa wiki nyingi, kwa mtu asiye na tezi kabisa, ni ugonjwa mkubwa. Nenda kwenye maduka ya dawa ya hapo Iringa kabla hujaamua, uulize kama wanayo wakati wote na wanauzaje, kwa kuwa jibu hilo linatofautiana mji kwa mji.

Aliyebaki na nusu, mara nyingi ile nusu inatosheleza. Tafiti zilizokusanywa pamoja 2012 zilionyesha kwamba asilimia 22 ya waliotolewa upande mmoja, kwa sababu zote, homoni ilipungua. Kwa hiyo usiende ukiamini kwamba nusu ni tiketi ya kukwepa vidonge. Ni nafasi nzuri ya kuvikwepa, basi.

Nusu nayo ina bei yake, na ningekuwa nimekukosea kama ningekusifia tu. Tezi iliyotolewa inakwenda maabara ya patholojia, na huko ndiko saratani inakotazamwa vizuri kuliko kwa sindano. Wakikuta imeingia kwenye mishipa ya damu, au ni ya aina kali, au imekwishafika kwenye tezi za limfu, unaweza kuitwa tena upasuliwe upande uliobaki. Operesheni mbili, dawa za usingizi mara mbili, likizo mbili, nauli mbili, na kaka anatoa pesa mara mbili. Haliwapati wengi wenye vipimo kama vyako, lakini lazima liwe kwenye hesabu yenu tangu sasa, ili likija lisionekane kama mtu alikosea.

La pili ni ufuatiliaji. Kwa asiye na tezi, kipimo cha damu cha thairoglobulini kinasaidia sana, maana kikianza kupanda unajua kuna kitu. Ukiwa na nusu, ile nusu yenyewe inatengeneza thairoglobulini, kipimo kinakosa makali, na mnategemea zaidi altrasaundi ya shingo iliyopigwa na mtu anayejua anachotafuta. Kuna miaka utaambiwa kuna kidoa kidogo upande wa kushoto, tusubiri miezi sita. Je, utaweza kusubiri? Kuna wanawake niliowahudumia ambao hawakuweza. Walichagua yote wakijua gharama yake, wakasema bora vidonge kila siku kuliko hofu ya kila altrasaundi. Huo nao ni uamuzi wa mtu mwenye akili, na ukiona ndivyo ulivyo, hakuna atakayekulaumu, mimi wa mwisho.

Ila nakuomba utenganishe hofu mbili. Hofu ya leo, ya wiki za kwanza baada ya mlango ule kufungwa, inapungua yenyewe. Hofu ya kuishi na kitu shingoni kwa miaka ni tabia ya mtu. Jiulize ulivyokuwa zamani: ukisubiri majibu ya mtihani, au mtoto akipata homa usiku, ulikuwa mtu wa aina gani?

Muda wa kujiuliza unao, na hapa namshukuru wifi yako. Alilosoma ni la kweli. Tangu 1993 Hospitali ya Kuma mjini Kobe, kwa wazo la Dk. Akira Miyauchi, imekuwa ikiwaangalia bila kuwapasua wagonjwa wenye saratani hii isiyozidi sentimita 1. Ripoti yao ya 2014 ilihusu wagonjwa 1,235. Katika miaka 10, uvimbe uliongezeka milimita 3 au zaidi kwa asilimia 8 tu, na asilimia 3.8 ugonjwa ulionekana kwenye tezi za limfu. Hakuna aliyekufa kwa saratani hiyo, hata waliokuja kupasuliwa baadaye. Lakini wewe si mgonjwa wa aina hiyo. Chako ni 1.8, na katika takwimu zao hizohizo waliokuwa chini ya miaka 40 ndio uvimbe uliowakua zaidi, wazee ndio kidogo kabisa. Marekani wapo waliojaribu kusubiri mpaka sentimita 1.5, na wengine hata 2, kwenye hospitali zenye mtu wa altrasaundi bingwa anayemwona mgonjwa yuleyule kila miezi sita. Kwa umri wako na ulipo, sikushauri kuiangalia tu. Chukua kutoka Japani somo moja: wiki chache za kuuliza maswali na kupanga ratiba yako hazitakuua.

Mama mkwe naye msikilize kwa heshima. Nyanda za Juu Kusini goita ilikuwa jambo la kila nyumba kwa sababu udongo ule una upungufu wa madini joto, na chumvi ile imewaokoa watoto wengi. Endeleeni kuitumia jikoni. Saratani hii haiitibu.

Basi mimi nasimama wapi? Kwa ulivyonieleza, ungekuwa binti yangu wa kumzaa ningekuelekeza kwenye nusu, ukishatimiza mambo mawili. La kwanza, altrasaundi irudiwe na mtu aliyezoea shingo, aangalie tezi za limfu pande zote mbili na upande wa kushoto wa tezi, kwa sababu hoja yote ya nusu imejengwa juu ya “hakuna kitu kwingine”. La pili ni mkono utakaokupasua, na hili lina uzito kuliko hata swali la nusu au yote. Utafiti wa Marekani wa 2017 ulionyesha kwamba wapasuaji wanaotoa tezi hizi zaidi ya 25 kwa mwaka wana wagonjwa wachache wanaopata matatizo. Najua kwetu kumuuliza daktari swali la namna hiyo mtu anaona kama kumkosea adabu. Uliza hivi: “Daktari, samahani, naomba kufahamu, operesheni za thairoidi unafanya ngapi kwa mwaka? Na kwa wagonjwa wako, sauti na kalsiamu vimekuwaje?” Daktari anayejiamini atajibu. Akikasirika, umepata jibu. Na kama mwenye mkono mzoefu ni yule mzee anayetaka kutoa yote, rudi kwake umuulize kama yuko tayari kutoa nusu. Wengi wanakubali mgonjwa akionyesha ameelewa.

Siku ya kusaini fomu ya ridhaa isome yote, au asome mume wako kwa sauti. Iandikwe wazi kwamba kinachotolewa ni upande wa kulia. Kisha muulize daktari: ukifungua ukakuta tezi za limfu zenye mashaka, utafanya nini? Mkubaliane hilo ukiwa macho, na liandikwe.

Kuhusu kaka, usimpelekee uamuzi kwa simu. Mtu anayebeba gharama na anayeogopa kumpoteza mdogo wake hashawishiki kwa maneno ya mdogo huyo. Mwombe aingie nawe kliniki mara moja tu, akae kwenye kiti cha pili, na wewe ndiye umuulize daktari mbele yake: “Nikitoa nusu, nafasi yangu ya kuishi inapungua?” Mwache asikie jibu kwa masikio yake, naye aulize la mizizi. Mwambie pia kabla hamjaingia kwamba kuna uwezekano wa operesheni ya pili, na mjue itagharimiwaje. Mume wako naye aje. Amesema yupo na wewe, basi awepo chumbani, siyo kwenye benchi la nje.

Na wale wa kianzio, wapigie wiki hii. Ukishapata tarehe, jipe wiki kadhaa bila maiki baada ya operesheni, hata kama sauti imetoka safi, na uanze na shughuli ndogo za ndani kabla ya ukumbi wa watu mia tano. Tafuta mshereheshaji mwenzako unayemwamini akushikie zile za karibu, mgawane malipo.

Majibu ya patholojia yakitoka, ninakilie tena kama ulivyofanya safari hii.

Shangazi